Nusu Asubuhi, Nusu Jioni

Taibali wa duka la dawa amenieleza
kidonge hiki hakina mstari katikati,
nitajua mwenyewe pa kukata.
Nimekata vitambaa miaka thelathini na mmoja,
nimekata joho la bwana harusi kwa kumpima kwa macho,
ila kwa hiki, kidogo kama punje ya mtama,
wembe wateleza,
nusu moja yaruka chini ya cherehani
nami naitafuta kwa magoti, nikihema.

Maji mekundu ndiyo yaliyonifikisha hapa.
Mara sita yaliniingia mshipani, tone kwa tone,
rangi ya mabuyu yauzwayo nje ya shule,
hata mkojo ukatoka mwekundu.
Yaliua uvimbe wa titi. Siyanyimi haki yake.
Lakini mgeni aliyekuja kumfukuza mwizi
alipotoka alivunja na mguu wa kitanda.
Mwaka haujesha nikawa nalala kwa mito mitatu
na viatu vyangu vikanikataa.

Daktari Nyambu akanipaka mafuta baridi kifuani,
akanionyesha moyo wangu kiooni:
wa kijivu, mlegevu,
leso iliyofuliwa hata ikasahau pindo lake.
"Asilimia thelathini na mbili," akasema.
Nikadhani ananitajia deni.

Nikamwuliza: moyo umechoka,
nawe wanipa dawa ya kuupunguza mwendo?
Wambembeleza aliyekwisha sinzia?

Akasema, moyo mnyonge hupigiwa kelele na mwili wake:
hima! hima!
nao hukimbia kabla haujajaa,
humimina nusu kikombe, hukimbia tena.
Dawa hii ni bawabu, hukaa mlangoni.
Kelele zikibisha, huzijibu:
mwenyewe yupo, ila hatoki mbio.

Mguu wangu ulielewa kabla ya kichwa.
Kadzo, siku yake ya kwanza ya kujifunza,
alikanyaga cherehani kama anayefukuzwa,
uzi ukakatika, kitambaa kikajikunja.
Sikumgombeza. Nilimwekea mkono gotini.
Ndivyo ulivyo, nusu kidonge.

Lakini sikusifu bure.
Wiki ya kwanza nilizidi kuchoka,
nikakutukana, wewe na kiwanda kilichokuzaa.
Jua la Kaskazi, Likoni nzima yajipepea,
mimi vidole vimepoa, sindano yaniponyoka.
Nikiinuka ghafla, ukuta huja kunisalimu.
Sasa hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda,
naita majina ya wanangu,
kitindamimba akifika
ndipo nasimama.

Kila wiki mbili wakakuongeza kidogo,
kama mtu aongezaye chumvi akionja.
Kila alfajiri vidole viwili kifundoni mwa mkono,
saa ya marehemu Shee yahesabu:
sitini na nne.
Sitini na moja.
Bawabu yu macho.

Leo wamepima tena: arubaini na moja.
Nyambu hakucheka, hakununa.
Huenda ikapanda, akasema, huenda ikakaa papo hapo.
Nusu zimekwisha, sasa nitameza kizima.
Nimeuliza wembe nifanyie nini.
Akaniambia nikate kucha.

Kutoka Makadara nikafika feri, king'ora kikalia.
Mteremkoni watu wakatimka:
mama na beseni lake, wanafunzi,
msukuma mkokoteni aliyeshindwa kuuzuia.
Kijana akanigusa bega, "Mama, kimbia, yaondoka!"
Na kifuani nikasikia mlango ukigongwa,
ukigongwa kwa ngumi,
na aliyeketi pale hakuinuka.

Nikanunua mabuyu ya shilingi kumi.
Lango likafungwa, pantoni ikajisukuma majini.
Nikasimama kivulini nikinyonya mbegu moja moja,
nikatoa ulimi, nikautazama kwenye kioo cha simu.
Mwekundu.
Nikacheka peke yangu, polepole.